Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa jiujitsu, Mwanza

Watu wakisikia nafundisha jiujitsu huniuliza kama navunja matofali. Jiujitsu ya Brazil haina ngumi wala teke. Tunashikana nguo, tunaangushana, na tukifika chini tunabanana mpaka mmoja agonge, yaani ampige mwenzake viganja vya harakaharaka kumwambia basi, niachie. Nilipoanza kuufundisha mchezo huu hapa Mwanza, mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuuona. Naandika siku yangu ya Jumanne, kwa sababu Jumanne ndiyo inayonimaliza.

Saa 11 alfajiri nakimbia kutoka Kirumba hadi Capri Point na kurudi. Najiandaa kwa mashindano ya Nairobi, na uzito wangu mwisho ni kilo 76 pamoja na kimono, ile nguo nzito ya mchezo. Katika sheria za shirikisho letu la kimataifa unapimwa muda mfupi tu kabla ya pambano lako la kwanza, nguo ikiwa mwilini. Ule mtindo wa mabondia wa kujikausha leo, kupima, kisha kula na kunywa mpaka kesho, kwetu haupo. Kwa hiyo chapati za asubuhi nazipita nikiziangalia.

Saa 1 nafua. Kimono za wanafunzi wasio na zao nimezipata Mlango Mmoja, kwenye mitumba. Nyingi ni za judo, na wauzaji wawili pale wakifungua belo wakaiona moja, wananiwekea pembeni. Naangalia kola kwanza. Kola ikiwa imechoka, nguo hiyo haifai, maana kola ndiyo inayokaba.

Saa 3 hadi saa 6 nawafundisha walinzi wa kampuni moja jinsi ya kumdhibiti mtu bila kumvunja. Ndiyo kazi inayolipa kodi ya nyumba.

Saa 8 naingia ukumbini. Ukumbi ni wa kukodi, wikiendi unachukuliwa na harusi, kwa hiyo kila siku ya mazoezi natandika upya. Chini nalaza vipande vya sponji, juu yake turubai la lori, kisha navuta kamba pembeni mpaka pasibaki mkunjo hata mmoja, kwa kuwa kidole cha mguu kikiingia kwenye mkunjo kinavunjika. Halafu ndoo, maji na Jik, napiga deki turubai lote. Mzazi akimwona mwanawe amerudi na mapunye hatamrudisha tena, na atakuwa na haki.

Saa 10 watoto wanaingia. “Shikamoo mwalimu” zinafuatana mlangoni, nami naitikia huku nikikagua kucha na mkasi mkononi. Mwenye kidonda kibichi anakaa pembeni siku hiyo, hata akilia. Wanajifunza kuanguka kwanza, kabla ya kumwangusha mtu.

Hapo ndipo alipotokea baba wa mmoja wao. Alipita juu ya turubai na viatu vyake hadi katikati, simu sikioni. Nikamwomba avue. Akavua kimoja, akaendelea kuongea na simu, kisha akavua cha pili. Alipomaliza akaniambia, “Mwalimu, nimelipa miezi mitatu yote kwa mkupuo. Mtoto mkanda wake uko wapi? Mjomba wake anakuja kutoka Dar, tunataka picha.” Kwetu rangi ya mkanda ndiyo cheo, na aliokuwa anautaka ni wa bluu, unaofuata mweupe kwa watu wazima. Mtoto ana miaka 11.

Nikamweleza kwamba bluu haitolewi kwa mtu aliye chini ya miaka 16. Watoto wana rangi zao: kijivu, njano, chungwa, kijani. Nikamwambia mtoto wake yuko karibu na kijivu, ila hata hicho kijivu hatakifikia kwa kulipa. Akaniambia mtoto wa jirani yake yuko karate na kila baada ya muda anabadilisha rangi. Nikasema sina neno na karate, kila mchezo una utaratibu wake. Akashusha sauti, “Niambie tu ni shilingi ngapi.” Nikamwambia hakuna bei. Akacheka kidogo, akasema, “Sasa mwalimu, hapa Mwanza nani atajua?”

Nimeshaulizwa hivyo na watu wengi, na kila mara nakasirika upya. Mimi mwenyewe nina mkanda wa kahawia, hatua moja chini ya mweusi. Nimepewa na mwalimu wangu mwenye mkanda mweusi aliyeko Nairobi, na kwa ajili ya mkanda huo nimelala kwenye basi kupitia mpaka wa Sirari kwenda na kurudi miaka yote hii, kwa nauli ya mfukoni mwangu. Nikimfunga mtoto mkanda wa uongo, siku atakayokutana na mtoto mwenye mkanda wa kweli atashikwa kwa kiwango cha mkanda aliouvaa. Bega lake ndilo litakalojua. Nikamwambia hivyo hivyo. Yule mtoto alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu akivuta ncha za mkanda wake mweupe, anasikia kila kitu.

Baba hakuondoka. Akaanza upya kutoka upande mwingine: kwanza huu mchezo ni wa nani, Wajapani au Wabrazili? Nikamjibu, kwa sababu swali ni zuri hata likija kwa hasira. Mjapani Mitsuyo Maeda, mtu wa judo kutoka Kodokan, shule mama ya judo kule Tokyo, alifika Brazil mwaka 1914, akaja kufundisha mjini Belém, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana Carlos Gracie. Carlos akawafundisha ndugu zake, na mkazo ukahamia chini, kwenye kubana na kukaba, ili mwembamba aweze kumshinda mnene. Mwaka 1993 Royce Gracie, wa ukoo huohuo, alishinda mashindano ya kwanza ya UFC, yale ya kupigana kwa mitindo mchanganyiko, dhidi ya watu waliomzidi uzito. Leo Abu Dhabi wanaufundisha mashuleni. “Kwa hiyo kuna hela,” akasema. Wakati huo watoto wote walikuwa wamekaa wakinisubiri, na kipindi kilikuwa kimekatika karibu nusu. Mwanawe akaomba amalize raundi moja. Baba akasubiri akiwa na soksi, akamchukua, hakuaga.

Jioni wanakuja kinamama, wengi moja kwa moja kutoka kazini. Hawa hawaniulizi mkanda. Wanataka kujua mtu akikupiga kabali kwa nyuma kichochoroni unafanya nini, na tunaanza papo hapo: kidevu chini, mikono yote miwili kwenye mkono unaokukaba, shingo kwanza kabla ya pochi. Mishipa ya damu ya shingo ikibanwa sawasawa pande zote mbili, mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde chache, kwa hiyo hapa hakuna utani. Nasimama juu ya kila jozi. Anayechelewa kumwachia mwenzake baada ya kugongwa, namtoa nje.

Baada yao ni zamu ya watu wazima, na baada ya hapo ndipo mimi mwenyewe napata kufanya mazoezi, nikiwa nimeshachoka. Pambano la mkanda wangu ni dakika 8. Mjini hapa sina wa mkanda wangu, basi nawapanga mstari na kila baada ya dakika mbili anaingia mpya mwenye pumzi. Nimefunga vidole plasta kwenye maungio. Wa mwisho alikuwa kijana anayebeba magunia ya dagaa pale Mwaloni. Alinishika kola, na vidole vile havifunguki, nikavuta kwa mikono miwili, nikasukuma kwa mguu kwenye nyonga yake, wapi. Akanipita miguu, yaani akavuka miguu yangu akaja ubavuni, ambayo mashindanoni ni pointi 3. Akanikalia tumboni, 4 nyingine. Nilitoka chini yake muda ukiwa unakaribia kwisha, na nilifurahi kuliko siku nyingi ninazoshinda. Mwaka jana alikuwa hajui hata kuanguka.

Kukunja turubai, kubeba sponji, kufunga ukumbi, ugali kwa mama ntilie anayenibakizia. Sikuangalia saa. Nikamtumia mwalimu wangu video ya msichana mmoja wa miaka 17 anayekuja na kinamama. Akajibu kwamba nije naye Nairobi, apigane mkanda mweupe. Binti anahitaji hati ya kusafiria na ruhusa ya nyumbani. Mama yake anauza nyanya Buhongwa. Kesho asubuhi, badala ya kukimbia, nitapanda daladala la kwanza nikaongee naye.