Sabuni za Uvunguni

Jana nilikwenda kumsaidia shangazi kuhamisha kitanda chake, na uvunguni nikakuta miche saba ya sabuni imeviringishwa ndani ya kanga kuukuu, pamoja na mfuko wa sukari iliyokwisha kuganda. Duka liko ng'ambo ya barabara. Nilipomuuliza, alichungulia kwanza dirishani, kisha akanijibu kwa sauti ya chini: "Mwanangu, vya ndani havitangazwi."

Mwaka 1983, Waziri Mkuu wa Tanzania, Edward Sokoine, alipoongoza msako wa wahujumu uchumi, shangazi alikuwa na genge dogo. Nchi ilikuwa imetoka katika Vita vya Kagera, fedha za kigeni zimeadimika, na sabuni, sukari na mafuta ya kula vilipatikana kwa mgawo na kwa foleni. Msako uliwalenga walanguzi, lakini hofu haikuuliza ukubwa wa duka. Wapo waliotupa mali baharini na vichakani usiku, naye alimwaga debe zima la mafuta chooni, mafuta ambayo watoto wake wangeyala miezi kadhaa.

Hofu ya askari mlangoni naielewa. Kinachonisumbua ni namna neno "mlanguzi" lilivyohama kutoka redioni likaenda kukaa ndani ya kichwa chake, kiasi kwamba hata leo akinunua miche miwili ya sabuni hujieleza kwa muuzaji ambaye hajamuuliza kitu: mmoja wangu, mwingine wa jirani. Sheria ya uhujumu uchumi iliyotumika katika msako ule ilibadilishwa mwaka 1984, na mwaka huohuo biashara ikaanza kulegezwa. Kijana anayemuuzia hajui hata mgawo ulikuwa nini. Uhaba ulimfundisha shangazi kuweka akiba, na msako ukamfundisha kuionea haya akiba hiyo, na mafunzo hayo mawili yameishi pamoja chini ya kitanda kimoja kwa zaidi ya miaka arobaini.

Nilidhani basi angekuwa na kinyongo. Hana. Sokoine alipofariki katika ajali ya gari, tarehe 12 Aprili 1984, shangazi alilia siku nzima, na mpaka sasa husema kwamba yule alikuwa mtu safi na kwamba laiti angeishi tungekuwa mbali. Nilijaribu kumkumbusha debe la mafuta; akasema kosa lilikuwa lake, kwa nini aliweka mengi? (Lilikuwa debe moja.)

Mimi nilizaliwa baada ya hayo yote, na sijawahi kupanga foleni ya sukari. Hata hivyo, ndani ya daladala, mazungumzo yakigusa viongozi, sauti yangu hushuka kabla sijaamua kuishusha, na hushuka kwa kipimo kilekile cha sauti ya shangazi.

Kitanda kilipokaa mahali pake papya, niliirudisha miche ile uvunguni, yote saba. Kabla sijainama, aliniomba nifunge pazia, nami nikalifunga.