Yule wa Nyumbani

Samaki wa kwanza niliyemvua Marekani nusura nimuue kwa furaha. Ilikuwa Julai, kwenye kijito cha Slough ndani ya hifadhi ya Yellowstone. Mzee jirani yangu ndiye aliyenipeleka, na kabla hatujarusha mshipi alikuwa ameshakibana kijino cha ndoana yangu kwa koleo, maana huko ndoana yenye kijino hairuhusiwi. Nikamnyanyua samaki kwa mikono mikavu, nikageuka huku na huku nipigwe picha. Chini ya taya alikuwa na mistari miwili myekundu, kana kwamba ameshachinjwa. Hata jina lake la Kiingereza ni hilo hilo, mkatwa koo.

"Mrudishe majini. Sasa hivi!"

Huyo ndiye trauti wa asili wa kule, na kanuni ya hifadhi ni kumwachilia kila anayenaswa. Nilipomtia majini akageuka tumbo juu. Mzee akalowesha mikono yake kwanza (mikavu humbandua ute unaomkinga na maradhi), akamshika taratibu, kichwa kikielekea mkondo unakotoka. Matamvua yakafunguka, yakafunga. Yakafunguka tena. Kisha mkia ukapiga, akapotea.

Baadaye nikanasa trauti wa aina nyingine, mwenye mstari wa waridi ubavuni. Huyu nilimjua! Utotoni Nyeri tulimvua kwa minyoo, kwa kujificha, maana hatukuwa na leseni na mlinzi wa mto alijua kutukimbiza mpaka kwa mama. Nikalowesha mikono, nikamtoa ndoana humo humo majini, nikajiona mwanafunzi hodari.

"Huyo usimwachilie. Ua."

Nilidhani ananitania. Kumbe katika bonde lile la mto Lamar, ambao kijito cha Slough humwaga maji yake humo, ndivyo sheria inavyotaka. Huyu ni mgeni, huzaana na yule wa koo jekundu, na vizazi vikipita hubaki machotara tu. Hata kwetu ni mgeni: walowezi walileta trauti wa kwanza mto Gura mwaka 1905, huyu akafuata. Ila kwetu ndiye aliyewekewa mlinzi.

Nilimpiga jiwe kichwani mara mbili, kwa sababu pigo la kwanza lilikuwa la woga.

Jioni nikampigia mama. Yeye ni Mkikuyu wa zamani, samaki hamli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tulimla yupi.

"Yule wa nyumbani, mama."