Dougga kwa Mara ya Pili

Mgeni anayefika Dougga, magofu ya mji wa kale nchini Tunisia, kwa mara ya kwanza huvutwa moja kwa moja na Capitolium, hekalu la Jupiter, Juno na Minerva ambalo nguzo zake huonekana kutoka mbali juu ya mashamba ya mizeituni, na mimi wakati ule nililitazama hilo karibu peke yake. Niliporejea Tunisia mwaka huu kutoka Kampala, nilipanda gari la abiria hadi Téboursouk, mji ulio karibu na magofu hayo, nikakodi teksi ya kunipandisha kilimani, nikiwa nimeazimia kuutazama mji wenyewe kabla ya fahari yake.

Anayetembea humo polepole hutambua kwamba Warumi hawakuuanzisha mji huu. Waliukuta. Ulikuwa mji wa Wanumidia, watu wa kale wa Afrika Kaskazini, na ndiyo maana njia zake hupindapinda kufuata mteremko, tofauti kabisa na Timgad ya Algeria, ambayo Kaisari Trajan aliianzisha mwaka 100 na kuipangia mitaa iliyonyooka kama mistari ya ubao wa dama. Hekalu la Saturn, la mwaka 195, lilisimamishwa mahali ambapo wenyeji walikuwa wakimwabudu Baal Hammon, mungu wa Wakarthago. Hata Capitolium na ukumbi wa maonyesho, majengo ya miaka ya 166 hadi 169, yaligharimiwa na ukoo wa matajiri wa hapohapo, akina Marcius. (Choo cha umma chenye viti 12 hakihitaji maelezo, wanafunzi niliowakuta pale walikuwa wakicheka, na mwalimu wao naye akashindwa kujizuia.)

Nilikaa muda mrefu zaidi chini ya kilima, penye kaburi la mnara lenye kimo cha takriban mita 21, lililojengwa katika karne ya 2 kabla ya Kristo, Warumi wakiwa bado hawajautawala mji. Mwaka 1842 Thomas Reade, balozi mdogo wa Uingereza mjini Tunis, alilibomoa ili apate jiwe lenye maandishi ya Kipuni, lugha ya Wakarthago, na ya Kilibia, lugha ya kale ya wenyeji wa Afrika Kaskazini, akalichukua, na jiwe hilo likaishia katika Makumbusho ya Uingereza, London. Ni kweli kwamba maandishi hayo ndiyo yaliyowawezesha wataalamu kuisoma hati ya kale ya Kilibia, lakini sioni kwa nini elimu hiyo ilidai kaburi livunjwe, kwa kuwa maandishi yenyewe yalikuwa yamekwisha kunakiliwa tangu mwaka 1631. Mfaransa Louis Poinssot aliuinua upya mnara huo kati ya 1908 na 1910, bila jiwe lake. Mtu atokaye Uganda akisimama pale hukumbuka, apende asipende, kichwa cha udongo kilichofukuliwa Luzira mwaka 1929, ambacho nacho kilipelekwa katika makumbusho hayohayo.

Kwa anayepanga kwenda, ningemshauri aanzie kaburini asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, kisha apande taratibu kuelekea Capitolium. Akianzia juu, atakuwa amekwisha kuchoka kabla ya kufika chini, na walinzi hawachelewi kukumbusha saa ya kufunga.