Safari ya Luvua na parachuti begini

Saa kumi alfajiri, mwezi wa saba, Lubumbashi ina baridi ambayo wageni wanaokuja na mashati ya mikono mifupi hawaitarajii. Tulipakia gari mbele ya nyumba yangu Katuba: madumu mawili ya mafuta, mfuko wa unga wa bukari, sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, iliyofungwa kwa kitambaa, na matairi mawili ya akiba. Mwana wa dada yangu alikuwa na begi dogo mgongoni ambalo hakutaka litupwe nyuma pamoja na mizigo. Dereva akamuuliza kama amebeba madini. "Ni parachuti," akajibu. Dereva alicheka mpaka tulipoingia barabara ya Kasenga.

Kijana huyu anasoma uhandisi Marekani. Juni 2024 timu ya chuo chake ilirusha roketi huko New Mexico, kwenye mashindano ya vyuo yanayoitwa Spaceport America Cup, na wiki chache baadaye alirudi nyumbani likizo akiwa na ombi moja tu: nimpeleke kwenye mto Luvua, upande ambako Wajerumani walirusha roketi enzi za rais Mobutu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Nimefundisha sheria ya tatu ya Newton miaka thelathini na moja bila kuona roketi hata moja kwa macho yangu, kwa hiyo sikuhitaji kubembelezwa.

Tulikutana na malori ya makala, yaani mkaa, yakienda mjini, yamejaa hadi magunia yanaegemea upande. Baada ya hapo ni miombo na vichuguu, vingine virefu kuliko nyumba. Nikamwomba anieleze kwa kipimo cha kwetu roketi yao ilipanda kiasi gani. Alifikiri kidogo, akasema nichukue bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, lile linaloonekana kutoka kila kona ya mji, nipange kama hilo ishirini, moja juu ya jingine. Hiyo ndiyo futi 10,000, yaani mita 3,048. Mashindano yalikuwa na daraja jingine, la futi 30,000, lakini wao waliogopa gharama.

Nilidhani mshindi ni anayepanda juu zaidi. Sivyo. Shabaha ni futi zile za daraja lako, na kila mita inayozidi hukugharimu kama kila mita inayopungua. Mwaka huo ndani ya roketi ilikuwa lazima kuwe na mzigo usiopungua kilo 4, na kipimo cha hewa kinachosoma jinsi mgandamizo unavyoshuka kadiri roketi inavyopanda. Injini hupangwa kwa herufi kulingana na jumla ya msukumo wake. Kila herufi inaweza kufikia maradufu ya ile iliyotangulia, na ukifika H umeingia kwenye roketi za nguvu kubwa. Yao ilikuwa M. Fueli yenyewe ni kitu kigumu kama mpira: chumvi ya perklorati ya amonia, unga wa alumini, na mpira wa kuvishikanisha. Huwaka kwa sekunde chache tu. Sehemu nyingine yote ya kupanda ni kasi iliyobaki, na hapo mwalimu ndani yangu alifurahi sana, maana nimechora mchoro huo ubaoni mara mia.

"Mujomba, kupanda haiko kintu," akaniambia. "Kushuka njo mambo."

Baada ya Kasomeno, tulipoacha njia ya Kasenga na kushika ya kaskazini, tairi la nyuma lilipasuka. Dereva akaanza kazi, sisi tukakaa kivulini, na hapo ndipo begi lilipofunguliwa. Kitambaa chenyewe ni chepesi, rangi ya chungwa, hakifiki hata meza ya kulia. Kina matundu yenye kingo nyeusi. Roketi yao ina parachuti mbili. Hiki ni kile kidogo, hufunguka roketi inapofika kileleni ili ishuke haraka lakini bila kupinduka-pinduka. Kikubwa hutakiwa kusubiri hadi chini ya mita 460 hivi. Kila kimoja hutolewa na baruti kidogo inayowashwa na kompyuta, na kompyuta lazima ziwe mbili, kila moja na betri yake, moja ikifa nyingine ifanye kazi. Matundu yale ni alama za baruti. Timu ilikistaafisha kitambaa, yeye akakiomba.

Tatizo lao lilitokea juu. Pini za plastiki zilizoshikilia sehemu ya parachuti kubwa zilikuwa dhaifu, mshtuko wa ile ndogo ukazivunja, zote mbili zikafunguka pamoja kileleni. Roketi ikaning'inia kwenye upepo juu ya jangwa la Jornada del Muerto, ikaenda ilikotaka. Wenzake watatu waliitafuta kwa miguu kwa muda wa saa nne, kwenye joto, wakifuata mlio wa redio yake. Waliipata nzima, imelala juu ya kichaka cha miiba.

Nilikishika kile kitambaa muda mrefu kuliko alivyotegemea. Mei 1978 nilikuwa na miaka kumi na nne Kolwezi. Tarehe 19, baada ya siku za risasi na kujificha chini ya kitanda, nilichungulia dirishani nikaona anga limejaa vitambaa. Walikuwa wanajeshi wa Kifaransa wakishuka. Tangu hapo neno parachuti kwangu halijawahi kuwa la mchezo. Sikumwambia yote. Nilimwambia tu kwamba siku iliyofuata, tarehe 20, katika mkoa huohuo tuliouita Shaba, Wajerumani walirusha roketi yao ya pili. Akaninyamazia, halafu akauliza: "Hawakuogopa?" Walikuwa mbali, nikamjibu, na nchi yetu ni kubwa kiasi hicho.

Kilwa tulifika usiku. Tulikula chisense, wale samaki wadogo, wa kukaanga na bukari, ziwa Mweru likipiga kelele gizani. Mzee mmoja mvuvi alipojua tunakokwenda alitikisa kichwa. "Ndege tulikuwa tunaonaka. Roketi, hapana. Tulisikiaka tu ku redio."

Kampuni ile iliitwa OTRAG. Mwanzilishi wake, Lutz Kayser, alipewa na Mobutu eneo la kilomita za mraba 100,000, kubwa kuliko nchi nyingi. Mwenyekiti wake alikuwa Kurt Debus, yuleyule aliyeongoza kituo cha roketi cha Kennedy, Marekani, watu walipoenda mwezini. Wazo lao lilikuwa rahisi, na mimi bado naliona zuri: mabomba membamba yanayofanana, yafungwe pamoja kama kuni, yachome mafuta ya taa na asidi ya nitriki, na vali zake zizungushwe na mota za vipangusa vya vioo vya magari. Kijana alipenda sana hapo pa vipangusa. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, iliharibika mbele ya Mobutu mwenyewe. Mwaka 1979, majirani na Wasovieti wakiwa wamelalamika vya kutosha, waliambiwa waondoke. Wakahamia Libya.

Kutoka Kilwa hadi Pweto barabara ni mawe na vumbi jekundu, sina la kuongeza.

Pweto ndipo Luvua inapotoka ziwani. Ukisimama ukingoni unaona maji yaliyokuwa yametulia yakibadilika kuwa mto, yanaanza haraka, yanaelekea kaskazini-magharibi kwenye nyanda za juu tulizozitafuta. Tukamtafuta kijana wa pikipiki. Alisikiliza, akatazama viatu vyetu, akatazama nywele zangu nyeupe. "Kule hakuna njia, papa. Pori ilishakamata yote." Hata Wajerumani wenyewe, akasema, walikuwa wanashuka na ndege. Tulipomuuliza kwa bei kubwa zaidi alitaja siku tatu, mafuta yetu, na kwamba usalama hawezi kuuahidi. Nikakataa. Kijana wangu alikasirika nusu saa nzima, akaenda kukaa peke yake juu ya jiwe.

Watoto ndio waliomrudisha. Waliona rangi ya chungwa ikichungulia kwenye begi. Akawafungia jiwe kwenye kamba za parachuti, akaonyesha namna ya kukunja, akalirusha juu kwa nguvu zake zote. Kitambaa kilifunguka kwa mlio mdogo, jiwe likashuka polepole, watoto wakapiga kelele. Mara ya pili nayo. Mara ya tano upepo wa ziwani ulikibeba hadi kwenye maji, na akakimbia kukifuata na viatu vyake vya Marekani, huku mvuvi mmoja akimpigia kelele kwamba hapo pana mamba.

Alitoka amelowa mpaka kiunoni, kitambaa mkononi, jiwe bado limefungwa. Mtoto mmoja akaomba arushe yeye.