Mwezi mpevu na taa za dagaa

Baba mdogo aliishika simu yangu mbali na uso, kama anavyoshika gazeti siku aliyosahau miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu mpaka nikadhani imempendeza.

"Hawa wanavua nini?"

"Dagaa, Baba mdogo. Hizo si taa zao?"

"Taa naziona. Mbalamwezi yote hii, wanavua nini?"

Akanirudishia simu, akaendelea na uji wake. Mimi nilikuwa nimekesha siku tatu na picha ile.

Ilianza hivi. Kuna mteja mwenye nyumba ya wageni, aliniagiza picha kubwa ya Ziwa Victoria, hapa kwetu Mwanza, ya kutundika mapokezi. Jiwe la Bismarck, lile maarufu lililosimama majini, hakulitaka, alisema hilo kila mtu analo ukutani. Alitaka ziwa la usiku, taa za wavuvi zimetapakaa, na juu yake mwezi. "Mwezi mkubwa," alirudia, huku anachora duara hewani kwa mikono miwili. Riziki yangu ni picha za vipaimara, sendofu na pasipoti saizi. Kazi ya namna hii haiji mara mbili kwa mwaka. Nikasema inawezekana.

Taa nilizipata. Nilipanda kwenye mawe upande wa Bwiru, nikasimamisha kamera, nikangoja jua lizame. Ilipofika saa moja na robo hivi, mitumbwi ilikuwa imeshasogea mbali, taa zikaanza kuwaka moja moja, hadi ziwa likawa kama mji mwingine uliohamia majini. Magharibi bado palikuwa na wekundu. Mwezi haukuwepo, wala sikujiuliza kwa nini haukuwepo.

Nyumbani nikafungua GIMP, programu ya bure niliyoizoea, nikatafuta mwezi mpevu mtandaoni. Kuubandika ni kazi ya dakika mbili. Picha ya mwezi ina weusi mtupu pembeni, basi unaiweka tabaka la juu, unachagua ile hali ya kuchanganya inayobakiza mwanga na kumeza giza, na mwezi unakaa angani. Shida ni kwamba unakaa kama stika kwenye daladala.

Ndipo kazi ilipoanza. Mwezi wangu ulikuwa mweupe pe, wakati mwezi ulio karibu na maji mwanga wake hupita kwenye hewa nene, bluu inatawanyika njiani, unatufikia una rangi ya embe bivu. Nikautia manjano. Kingo zilikuwa kali kama zimekatwa kwa wembe, nikazilainisha. Halafu kulikuwa na utepe wa wingu, na mwezi ukawa umekaa mbele yake, utadhani wingu liko mbali kuliko mwezi; nikaufuta kidogo kidogo kwa brashi hafifu mpaka wingu likarudi mbele. Kisha majini. Njia ya mwanga inatakiwa ishuke wima kutoka chini ya mwezi, ije moja kwa moja kwa anayetazama. Nilijaribu kuipinda kidogo ili inoge, ziwa zima likaonekana limeinama. Nikainyoosha.

Ukubwa ndio ulionitoa jasho. Angani mwezi unachukua kama nusu digrii tu. Nyoosha mkono, kidole chako cha mwisho kinaufunika na nafasi inabaki. Lenzi yangu ya milimita 24 inameza kama digrii 74 za upana, kwa hiyo kwenye picha ya pikseli 6,000, mwezi wa kweli ungepata pikseli 36 hivi. Punje ya ulezi. Mteja mwenzenu alikuwa amechora sinia! Nikaupa pikseli 400, nikajipoza kwamba ukiwa chini karibu na maji watu wote huuona mkubwa, ingawa ukiupima hauongezeki hata kidogo.

Yote hayo niliyafikiria. Na mzee mwenye bakuli la uji akaona nisichokiona.

Baba mdogo amevua dagaa miaka mingi upande wa Ukerewe, enzi za karabai, kabla taa za sola hazijaingia. Baadaye alinieleza taratibu, kwa ile sauti anayoitumia kwa watoto. Dagaa anaifuata taa kwa sababu kuna giza. Mwezi ukijaa, ziwa lote limewashwa, dagaa anatawanyika, taa yako haimwiti tena. "Tulikuwa tunavuta mitumbwi mwaloni, tunashona nyavu, mwenye familia anakwenda kuiona. Tajiri ananuna, sisi tunalala." Mama akadakia kutoka jikoni kwamba ndiyo maana siku za mbalamwezi kisado cha dagaa kinapanda bei. Kumbe hata mama anajua. Mimi niliyezaliwa hapa, niliyekula dagaa toka sijaota meno, nilikuwa nimewapeleka wavuvi mamia ziwani usiku wa mapumziko yao.

Nikarudi kwenye kompyuta nimenywea, na kosa la pili likanitokea lenyewe. Wekundu ule wa magharibi ni jua lililozama sasa hivi. Mwezi mpevu hukaa mkabala na jua: jua linapozama ziwani, wenyewe unachomoza nyuma ya mji, juu ya vilima vya mawe. Kuja upande wa maji unakuja alfajiri. La tatu sikulitarajia kabisa. Picha ya mwezi niliyoitoa mtandaoni ilipigwa Ulaya, mabaka meusi ya usoni pake yamesimama wima wanavyoyaona wao. Sisi tuko digrii mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Mwezi unapotua huku, uso wake umelala ubavu. Nilipaswa kuuzungusha karibu robo duara. Hakuna mgeni hata mmoja ambaye angegundua hilo pale mapokezi, najua. Lakini nilishaliona, na jambo ukishaliona halifichiki.

Nilikumbuka habari ya Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani, aliyepiga picha maarufu ya mwezi ukiwa juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, na tarehe yake ikampotea. Miaka mingi baadaye wanaastronomia wakapima mahali mwezi ulipokaa kwenye picha, wakaipata: 1 Novemba 1941, jioni. Wangeipima yangu wangepata nini? Siku ambayo haimo kwenye kalenda yoyote.

Sijawa mtakatifu, jamani. Kila Jumamosi nafuta chunusi za maharusi na sijawahi kukosa usingizi. Hata mwezi wenyewe una sababu halali ya kuunganishwa. Umemulikwa na jua, kwa hiyo ukiipa kamera muda wa kuiona mitumbwi, mwezi unaungua na kuwa doa jeupe. Ukiipa muda wa kuuona mwezi, ziwa linakuwa wino. Picha mbili za jioni moja, kutoka jiwe lile lile, zikishonwa pamoja, hapo sioni uongo.

Basi nilingoja mwandamo. Mwezi wa siku tatu unakuwa magharibi jua linapozama, umelala chali kama mtumbwi, maana huku karibu na ikweta ndivyo unavyolala, na haukai sana. Unazama mapema, unawaachia wavuvi giza lao. Nilipanda tena Bwiru, nikapiga moja ya mwezi na nyingine ya taa, nikaziunganisha bila kuongeza ukubwa. Nikampelekea Baba mdogo kabla sijampelekea mteja.

Safari hii aliomba miwani. Akaangalia taa, akaangalia kile kiukucha cha mwezi, akaangalia tena taa.

"Hawa watapata," akasema.

Sijawahi kusifiwa kazi nikafurahi namna ile, na hata kusifiwa si kusifiwa.

Mteja nilimpa zote mbili. Nikamweleza habari za dagaa na giza, akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akagusa ile ya kwanza kwa kidole. Ya pili, alisema, ni nzuri, ila mwezi wake mtu anaweza kudhani ni mkwaruzo kwenye kioo. Sikubishana. Alinilipa fedha yote iliyobaki siku hiyo hiyo, na sasa sinia langu la manjano liko mapokezi, limechapwa karibu mita mbili kwa upana. Jina langu limeandikwa pembeni, chini. Nilitamani kumwomba alifute, nikaona aibu kulitamka. Baba mdogo hajapita huko na sina haraka ya kumpeleka.

Juzi mwezi ulijaa. Niliamka saa kumi usiku, nikapanda Bwiru peke yangu na tochi ya simu. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani, baadhi imepinduliwa. Mwezi ulikuwa pale pale mteja wangu alipoutaka, magharibi, juu ya maji, uso umelala ubavu, na njia yake nyeupe imenyooka hadi chini ya mawe niliposimama. Ziwani hakukuwa na taa hata moja. Nilipiga picha moja, mwezi wake wa pikseli 36, nikakaa juu ya jiwe mpaka ulipopauka.