Siku moja maishani mwangu: kuunganisha kanzidata ya Mbeya na ya akiba Iringa

Saa 2 asubuhi. Ofisini Soweto, hapa Mbeya, koti halivuliwi kwa baridi. Leo kanzidata yetu kuu, yaani hifadhi ya taarifa za wateja inayoendeshwa kwa programu ya Oracle, inatafutiwa mwenzake wa akiba Iringa, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, ili hapa pakizimika kule waendelee kuhudumia wateja.

Saa 3. Nahariri tnsnames.ora, faili la majina na anwani za kanzidata, katika seva zote mbili, na kila faili linabeba majina ya pande zote. Wengi hutosheka Mbeya ikiijua Iringa. Mimi sikubali, maana siku majukumu yakibadilika na Iringa ikawa kuu, yenyewe ndiyo itakayotuma redo, yaani kumbukumbu za mabadiliko ya data, kuja huku.

Saa 4 na nusu. Tnsping, amri ya kupima njia, inajibu vizuri, lakini hiyo inathibitisha lisena tu, programu inayopokea wageni mlangoni; kanzidata yenyewe haijaguswa. Najaribu kuingia ile ya Iringa kwa sqlplus, programu ya kuandikia amri, napata kosa: ORA-12528. Sababu naijua. Kanzidata ya akiba imewashwa kwa hatua ya nomount tu (faili zake bado hazijafunguliwa), na huduma iliyojisajili yenyewe katika hatua hiyo lisena huiwekea alama ya BLOCKED na kukataa wageni. Dawa yake ni kuiandika huduma kwa mkono ndani ya listener.ora, faili la mipangilio ya lisena, sehemu ya SID_LIST, kisha kuisomesha upya kwa amri ya lsnrctl reload. Sasa lsnrctl status inaonyesha UNKNOWN. Neno hilo huwatisha vijana wa mafunzo, kumbe ndiyo alama ya huduma iliyoandikwa kwa mkono. ORA-12528 haionekani tena.

Saa 6. Mawasiliano toka Iringa kuja Mbeya, kimya. Nampigia simu mwenzangu wa Iringa.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba, mdogo wangu. Poti 1521 ya lisena mmeifungua upande gani?”

“Ya kuingia kwetu tu, dada.”

“Fungua na ya kutoka. Nami naruhusu anwani yenu kwenye fayawoli ya huku.”

Wakati anashughulikia hilo, nanakili faili la nywila kwenda kwake. Bila hilo SYS, mtumiaji mkuu wa kanzidata, hawezi kuingia kutoka mbali.

Saa 8. Wali maharage, haraka.

Saa 9. RMAN, zana ya Oracle ya kunakili data, inanakili kanzidata nzima kupitia mtandao. Kazi ndefu, nakaa nayo.

Saa 12 jioni. Nabadilisha logi Mbeya, yaani nafunga faili la redo linalotumika na kuanza jingine, na namba yake ya mfuatano inatokea Iringa. Narudia mara kadhaa, kwa sababu akiba za fedha za watu ziko humu.

Ruhusa ya kubadilishana majukumu Jumamosi usiku nimeshaiomba. Mdogo wangu wa Iringa anataka kuandika amri kwa mkono wake, nami nimekubali.