Siku Moja Maishani Mwangu: Mbunifu wa Mabango Kariakoo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ninapanda daladala kutoka Temeke, na kabla ya saa mbili duka letu la kuchapa mabango, Kariakoo, limekwisha kufunguliwa na stika za bajaji zilizolala jana zimekatwa. Saa tatu ni kadi za mchango wa harusi, saa nne ni fulana za kikoba.

Saa tano aliingia mzee mmoja anayefungua mgahawa wa supu Sinza. "Kijana, nataka yale maandishi ya zamani, yaliyoumuka kama maandazi."

Nilielewa mara moja kwamba anaitaka Cooper Black, fonti aliyoibuni Oswald Cooper wa Chicago na iliyotolewa mwaka 1922, ingawa wengi hudhani ni ya miaka ya 1970 kwa sababu wakati huo ilitapakaa kwenye matangazo na fulana. Ninaipenda, kwani haina kona kali, miguu ya herufi zake imeviringika, na unene wake humwezesha hata abiria wa daladala linalopita kulisoma jina la duka. Tabu huanza inapopunguzwa, na mzee alitaka jina, orodha ya vyakula, bei na namba ya simu, vyote kwa fonti hiyohiyo.

Maneno yetu yamejaa herufi a, na kitundu cha a katika fonti hii ni kidogo mno, hivyo "chapati na maharage" ikichapwa ndogo hugeuka safu ya madoa meusi. Nilichapa karatasi ya mfano, nikaibandika mlangoni, nikamwomba avuke barabara asome.

"Supu naiona," alisema aliporudi. "Hayo mengine ni nini?"

Orodha tukaipa fonti nyembamba isiyo na madoido. Nikadhani tumemaliza, kumbe bado: "Sasa hilo jina livute, lijaze ubao." Nilimweleza kwamba herufi zikivutwa kwa upana, mistari ya wima hunenepa, ya mlalo hubaki ilivyo, na ule uviringo anaoupenda huwa bapa. Akampigia simu mwanawe, aliyetaka kivuli. Mwanawe akamuuliza shemeji yake, aliyetaka picha ya ng'ombe. Kisha umeme ukakatika.

Uliporudi sikuwa na habari tena na saa, wala chakula cha mchana sikukionja. Nililigawa jina katika mistari miwili, nikalikuza, nikazisogeza herufi hadi zikakaribia kugusana, maana fonti hii hupendeza ikibanana, na ubao ukajaa bila kuvutwa chochote.

Mzee alilitazama bango kwa muda mrefu, akatabasamu, akauliza bei, kisha akaomba nipunguze nusu kwa hoja kwamba maandishi yenyewe yameandikwa na kompyuta.

Sikupunguza.